Mtani wa Nyuzi Saba

Alhamisi, 3 Julai

Nashona sare za shule mpaka kichwa kinauma. Kola, kola, kola. Halafu simu — mtu wa Puge anauliza kama nondo za milimita kumi na mbili zipo. Nikamwambia Nondo ni bendi, kaka. Akauliza, sasa hiyo bendi mnauza kwa kipande au kwa tani?

Kosa la Sameer! Bango letu kalibandika dukani kwa baba yake, Mzee Fakhrudin, anayeuza vifaa vya ujenzi. Limekaa katikati ya nondo za kweli: NONDO — METALI NZITO YA TABORA. Chini yake namba yangu.

Nilipomsimulia Sikuzani alicheka mpaka akakaa chini. Napenda mke wangu akicheka hivyo. Kwa jambo langu.

Jumamosi, 5 Julai

Mazoezi godauni kwa Mzee Fakhrudin, baada ya duka kufungwa. Sameer drams, Adinani besi, Sikuzani sauti, mimi gita. Leo tulikaa sawa. Solo yangu ndefu imetoka safi kuliko siku zote, na Sikuzani akapanda juu yake — ile sauti ya qaswida aliyotoka nayo madrasa — akapanda mpaka mabati yakaitikia.

Mzee kaingia na birika la chai. Kasema ndivyo ilivyokuwa kwenye kanda zake za ujanani: gita linalia, mwimbaji anapaa, nywele mpaka mgongoni. Kwangu metali ni hiyo. Ndiyo maana vizibao vyetu vya jinzi nimevishona mwenyewe, radi ya uzi wa fedha mgongoni. Changu kina pia pembe mbili za tembo, kwa ajili ya babu wa babu yangu aliyetoka hapa na mzigo wa pembe kichwani mpaka pwani.

Tamasha ni tarehe tisa Agosti, uani hapo hapo. Adinani anasema watatoka watu Nzega, Sikonge, hata Mwanza. Akaongeza kwamba kuna jamaa kwenye ujenzi wa reli mpya, dereva wa kreni, anapiga gita. Atamleta.

Sawa. Aje.

Jumapili, 13 Julai

Kaja. Anaitwa Uwesu, Mzaramo wa Kisarawe. Kusikia tu mimi Mnyamwezi, katua begi chini, kaninyooshea kidole: "Mpagazi wangu! Beba!"

Wote wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ndiyo utani wenyewe, Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara. Nikamwuliza nazi zake kamwachia nani. Nikabeba.

Zito! Ndani gita la nyuzi saba. Langu lina sita. Na kiboksi chekundu cha kukanyaga, pedali ya kukwaruza sauti. Akazilegeza nyuzi mpaka zikaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Nikasema moyoni, huyu hajui kitu.

Halafu akakanyaga.

Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma. Misumari ilicheza kwenye makopo yake. Hakuna solo. Hakuna hata wimbo, kwa wimbo ninaoujua mimi. Gurumo tu — inasimama, inaanza, inasimama tena pale usipotegemea. Kisha akafungua mdomo, ikatoka sauti ya chini ya ardhi. Sameer akamfuata mbio, drams zikawa kama cherehani inayokanyagwa bila kitambaa.

Alipomaliza, nikamtazama Sikuzani. Alikuwa ameshika kifua.

Mimi hunipigia makofi. Kifua hajawahi kushika.

Jumatano, 16 Julai

Sikuzani anasonga ugali huku ananguruma! Kwenye jiko langu! Kasema Uwesu kamwelekeza: usikwaruze koo, sukuma kutoka tumboni. Nikamwuliza Uwesu kalijulia wapi tumbo lake. Kachota asali kijiko kizima, kalamba, kaendelea.

Sauti niliyoioa ilikuwa ya juu.

Naona wivu. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 18 Julai

Baada ya swala nimepita kwa Mzee Fakhrudin. Shikamoo, marahaba, chai. Nikamwuliza kama kitu anachopiga Uwesu nacho ni metali. Nilitaka aseme hapana. Neno moja tu.

Kacheka. Kasema alipokuwa kijana, kaka yake alimwambia zile kanda zake ni kelele za kugonga bati. Baadaye wakatokea waliopiga kwa kasi zaidi, watu wa kanda wakalalamika kwamba hao ndio kelele. Wakaja wa kunguruma, wale wa kasi nao wakalalamika. Kila safari watu wanatangaza muziki umekufa, na kila safari yeye anaona vijana wapya mlangoni wanamwomba godauni. Kasema haufi kwa sababu kila kizazi kinapata wa kugombana naye ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Kisha akasema Uwesu anamkumbusha mimi nilivyoanza.

Chai ikanishinda.

Jumatatu, 21 Julai

Adinani kapita kibandani kuuliza kama naweza kuwashonea hudi nyeusi zenye kofia, za tamasha. Bila radi. Jina liandikwe lisisomeke, liwe kama mizizi ya mti. Nikamwuliza nani kasema hivyo.

"Tumeona tu."

Tumeona nani? Mimi sijaona.

Jumamosi, 26 Julai

Tumemzika baba mkubwa, Puge. Mungu amrehemu. Bendi nzima ilikuja, na Uwesu naye.

Tumeinua jeneza, tunatoka uani — Uwesu kalala njiani! Chali, katikati ya vumbi. Anapiga kelele kwamba mpagazi huyu hapiti, mzigo hajaufikisha pwani, ainuke akamalizie safari! Halafu akanguruma. Ile ile ya godauni. Wanawake waliokuwa wanalia wakacheka machozi yakiwatoka. Shangazi Doto, ambaye hajatia kitu mdomoni tangu juzi, alicheka mpaka akashikwa mkono. Wakampa mtani jogoo wake, akainuka, tukapita.

Angeishia hapo ningempenda. Kweli. Ningempenda.

Lakini baada ya maziko, mbele ya ukoo wote, kanivua kizibao. Nilikivaa kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Kakivua taratibu, mkono mmoja, mkono wa pili, kama ananipeleka kulala. Kakivaa yeye. "Hiki changu, mtani. Nitakurudishia siku utakayonifundisha ile solo yako."

Watu makofi! Na mimi? Mtani akichukua hukasiriki. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Nikakenua meno.

Kwa hiyo hata solo anaitaka. Kachukua bendi, kachukua sauti ya mke wangu, kachukua pembe za babu. Imebaki hiyo, na anaiomba kwa jina lake!

Jioni Shangazi Doto kaniita pembeni. Kasema nimenuna kama mtoto aliyenyimwa uji. Kama kinaniuma, utani una pande mbili, na mimi nikachukue chake. Ila kasema jambo moja, akalirudia: mtani anachukua mbele za watu, na anachukua akicheka. Kinachochukuliwa kwa kificho kina jina lingine.

Jumapili, 3 Agosti

Mazoezi. Wamepanga mfuatano wa nyimbo. Uwesu anafungua, Uwesu anafunga. Wimbo wetu mrefu umefupishwa, na walichokata katikati ni solo yangu. Aliyetoa wazo ni Sikuzani! Kasema wageni wa Mwanza wanataka mzigo mzito, hawatasimama kusikiliza gita likilia peke yake. Kaongea kwa upole. Afadhali angefoka.

Njiani kurudi kasema hajaniacha, kabadilisha sauti tu. Ningemwambia nini? Kwamba mimi nataka arudi juu, nimkute kule nilikozoea?

Uwesu alikuwa kavaa kizibao changu. Nilikipima kwa mabega yangu, nikakikata kwa mabega yangu. Yeye kinamkaa vizuri zaidi.

Kaniuliza tena kuhusu solo. Vidole vyangu anaviita vya dhahabu, eti pale katikati panampita kila akijaribu. Nikamwambia kidole kinaniuma.

Hakiumi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemaliza hudi. Mishono safi, kazi ni kazi. Yangu sijashona.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwenye simu. Nitanakili baadaye, nikiwa na mikono ya kunakili.

Niko stoo, nyuma ya godauni, nimekaa juu ya mifuko ya saruji. Mlango wa bati nimeufunga kwa ndani. Kwenye mfuko wangu wa kazi kuna chaki, futi, mkasi, na pedali nyekundu ya Uwesu.

Nilikusudia kuichukua vizuri. Wallahi! Nilikaa na maneno yangu tayari: "Mzaramo, leo mpagazi kabeba cha kwako!" Watu wacheke, nitaje ninachotaka, mambo yaishe. Nikapanda jukwaani. Uwesu na Sameer walikuwa wameenda kuswali alasiri, Adinani yuko getini, Sikuzani anavaa. Uwanja mtupu. Pedali imekaa pale peke yake. Nikasubiri watu waje ili nicheke mbele yao.

Hawakuja. Nikachukua.

Sasa uani pamejaa. Nawaona kwenye tundu la bati. Baiskeli za Sikonge zimepangwa ukutani. Vijana wa Mwanza wamevaa nyeusi tii kuanzia viatu. Mabinti wa chuo wamevaa hudi nyeusi juu ya hijabu. Mzee Fakhrudin na kiti chake mstari wa mbele, na kuna babu mmoja kavaa fulana ya metali iliyochakaa mpaka maandishi yameisha. Katoka wapi huyo? Sikujua tuko wengi hivi. Natafuta kizibao chenye radi kama vyetu vya zamani. Nimekiona kimoja. Ni changu, kiko mgongoni kwa Uwesu.

Wanaitafuta. Adinani kainua mpaka zulia la jukwaa. Sameer anaapa ilikuwa hapa. Sikuzani kasimama hatafuti. Anatazama huku.

Bila pedali gita lile litatoka kama la bendi ya harusi. Watazomea. Nangojea wazomee. Nimeandika hivyo na sifuti.

Uwesu kashika maiki.

Anacheka! Anawaambia watu kwamba hapa Unyamwezini ana mtani, mpagazi wake, na mpagazi huyo leo kamchukulia kiatu chake cha kukanyagia. Mpigieni makofi! Wanapiga. Anasema nimemweza, mbele ya watu wote hawa, ni haki yangu, nijitokeze nitaje ninachotaka.

Mbele ya watu. Kasema mbele ya watu! Anajua hakuna aliyeona. Ananisitiri. Kheri angeniita mwizi. Hata kwa wema kanipita, na nitasimama wapi sasa nisiwe chini yake?

Wanaimba: Mtani! Mtani!

Anasema mpaka nije, atawapigia kitu changu.

Kaanza solo yangu. Kwa gita tupu, bila kukwaruza, nyuzi saba. Kaidaka kwa sikio tu, mazoezini. Hakuna anayezomea. Gita linalia peke yake, na wa Mwanza wamesimama wanasikiliza! Na Sikuzani — Sikuzani kapanda. Ile ya juu. Ya madrasa. Bati hili nililoegemea linaitikia mgongoni mwangu.

Vidole vyangu vinatembea juu ya mfuko wa saruji. Anakaribia pale katikati. Mimi hupanda pale. Yeye —

Kashuka. Kakosea. Kakosea pale pale ninapopapenda!

Kasimama. Sikuzani naye kasimama. Uwesu anasema kwenye maiki kwamba hapa hapajui, hapa hukwama kila siku. Anaita: mtani, hapa unapitaje?

Watu wote wale wamegeukia huku.

Hatua. Ni za Sikuzani, nazijua. Kagonga bati kwa kucha. Hasemi kwa ukali. Anasema, "Nassibu, kama ni utani, toka ukicheka."

Nimeshika komeo. Pedali mkono wa pili. Ni kucheka tu. Kicheko kimoja, mlango ufunguke, niwaonyeshe vidole vinapopanda.

Nimejaribu kwanza humu ndani, kidogo, nisikie kinavyotoka. Kimetoka tumboni, kinakwaruza.

Nje Sikuzani kauliza humu ndani kuna nani.