Kovu Lililopanda Begani

Kilema, Moshi
Novemba 1975

Kaka yangu mpendwa Leonce,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, wifi Digna na watoto, nikiomba barua hii iwakute salama huko Tabora, na unga uwe unapatikana bila foleni ndefu. Huku vuli imeanza vizuri, migomba imesimama, na kahawa tunamalizia kuchuma. Mimi mwilini sina ugonjwa. Mengine uyasome ukiwa umekaa.

Umeniuliza kama ni kweli alivyokuandikia mama, kwamba Faustin amepatikana, na kwamba wewe mkubwa ukubali yeye, kitinda mimba, apewe nyumba na kihamba, shamba letu la ukoo, kama desturi yetu inavyotaka. Umesema hutajibu mpaka usikie kutoka kwangu, kwa kuwa mimi nilikuwapo tangu mwanzo. Haya, nakueleza.

Unaikumbuka siku ile mama akiwa amelazwa hospitali, mimi na wewe tuko kwa bibi, baba akaonekana barabarani anapanda peke yake kutoka mjini, akilia kwamba mtoto amemponyoka mkononi katikati ya watu sokoni. Faustin alikuwa na miaka mitatu. Wewe ulizunguka na wajomba mpaka Himo, mpaka Mwika, ukiuliza kila nyumba. Tangu hapo mama hajawahi kupakua chakula bila kumwekea mwanawe sahani na kuifunika.

Mwaka jana macho ya mama yalianza kutoa machozi, nikawa nampeleka hospitali mjini. Duka ninamoshonea liko karibu na jumba la sinema, na Jumamosi mchana huwa kuna onyesho la wanawake. Siku moja gari la kupandia huku lilichelewa, nikamwingiza mama apumzishe miguu. Ilikuwa picha ya Kihindi. Mtoto alipotea kwenye umati wa sikukuu, mama yake akamlilia mpaka akaota mvi, mwishowe akamkuta amekuwa kijana na akamtambua kwa kovu. Mama yetu alitoka amelowa kifua kizima. Akaniuliza hao waliotengeneza picha walimjua nani hapa Kilema.

Nilicheka, na nilikosea kucheka, maana hakuniuliza tena. Alianza kutafuta majibu mwenyewe. Jumamosi zilizofuata akawa hataki hospitali, anataka sinema. Picha ya pili ilikuwa vilevile, na ya tatu haikutofautiana sana. Kila mtu mjini anajua kwamba hadithi ya namna hiyo ndiyo inayojaza viti. Lakini mama, asiyejua neno moja la Kihindi, alisema Mungu hamwambii mtu jambo moja mara tatu bure. Akawa na alama zake, akizitaja moja moja kama anavyosali rozari. Mtoto hupotea kwenye umati, wala si porini. Hukulia karibu na mama yake bila wao kujuana. Na katika kila picha kuna mtu mmoja anayeapa kwamba mtoto alishakufa, na huyo ndiye mwovu. Padre alimsihi aache mambo hayo. Alimjibu kwa adabu kwamba Yusufu naye aliambiwa kwa ndoto, na hakuna aliyemkataza kulala.

Mlangoni pa sinema kulikuwa na kijana wa kukata tiketi, jina lake Primus. Alilelewa na masista katika nyumba ya yatima. Hamjui baba wala mama. Yeye ndiye aliyekuwa akitutafutia viti penye hewa. Mwezi wa nne mwaka huu alimbebea mama kiti, na kwa joto la siku ile alikuwa amevua shati, amebaki na fulana isiyo na mikono. Mama akaona kovu la moto begani.

Kovu la Faustin, lile la uji, lilikuwa kwenye kifundo cha mkono. Unalijua, wewe ndiye uliyempaka asali. Nilimkumbusha mama palepale. Akanijibu kwamba ngozi hukua pamoja na mtoto, na kovu limepanda begani kidogo kidogo kwa miaka yote hii. Akamkumbatia Primus shingoni, wakaenda chini wote wawili mbele ya watu. Wanawake waliokuwa wakitoka walilia pamoja naye, kwa kuwa jambo hilohilo ndilo walilokuwa wametoka kulitazama ndani.

Primus alinitazama juu ya kichwa cha mama akatabasamu. Baadaye aliniambia tumwache mzee afurahi kidogo, tutamweleza polepole.

Jumapili alikuja kula. Mama alimpikia mtori, akamwondolea kifuniko ile sahani. Jumapili ya pili akalala. Mwezi wa saba balozi wa nyumba kumi alimwandika kuwa ni Faustin, mwana wa Sirili, na mwezi wa nane akaacha kazi ya sinema. Alianza kuniita dada mbele ya mama. Kisha akawa ananiita dada hata tukiwa wawili tu. Baba alikuwa akimaliza kula anatoka, anakwenda kukaa kwenye mibuni mpaka giza.

Sasa kaka, Primus alikuwa mchumba wangu. Tulikuwa pamoja mwaka mzima kabla mama hajaliona lile kovu, na siku ile ni mimi niliyemwita aje abebe kiti, ili mama aizoee sura yake kabla sijamtaja. Hata baada ya hapo tuliendelea kuonana mjini, tukingoja siku nzuri ya kusema. Leo nina mimba ya miezi mitano.

Aliponiita dada tukiwa peke yetu, nilikwenda kwa baba nikamwambia yote. Nilidhani atanipiga. Aliweka kikapu cha kahawa chini, akakaa juu ya jiwe, akaniambia kwamba siku ile hakwenda mjini hata kidogo. Alikuwa kilabuni kwenye mbege tangu asubuhi. Faustin alimfuata peke yake akatumbukia kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, na maji yalikuwa mengi kwa mvua. Baba alimkuta amenasa chini ya magogo ya kuvukia. Alimzika mwenyewe kwenye mibuni ya juu, kisha akapita vichakani mpaka barabara kuu, akaanza kupanda tena ili watu wamwone anatoka mjini. Alisema alikuwa ameamua kufa nalo, ila hawezi kukubali mjukuu wake akose baba kwa sababu ya uongo wake.

Tulimwita mama na Primus, na baba akachimba. Haikuwa kina kirefu. Mifupa ilikuwa midogo, na kwenye udongo kulikuwa na medali ya Bikira Maria, kama ile aliyokuwa akivaa Faustin shingoni. Mama alichuchumaa akaangalia kwa muda. Akasema ni mifupa ya mbuzi, na medali zinauzwa misheni kwa kila mtu. Kisha akamwambia baba, bila kupandisha sauti, "Nilikuwa nakungoja. Nilijua atatokea mtu wa kuapa kwamba mwanangu amekufa. Sikujua tu kwamba nalala naye."

Baba alipiga magoti akamlilia amwamini. Mama hakumtazama tena. Alimgeukia Primus akasema, "Mwanangu, fukia." Primus alikuwa ameiona mifupa, Leonce. Nilimwona usoni alivyoelewa. Alichukua jembe mikononi mwa baba, akafukia, akashindilia udongo kwa miguu.

Tangu siku hiyo baba analala kwenye ghala la kahawa. Mama hampikii, nampelekea mimi nikipata nafasi. Amekonda, na mguu umeanza kumvimba.

Nilimfuata Primus bandani alipokuwa akiwakatia ng'ombe majani, nikamwambia kwamba sasa anajua, tena kwa macho yake. Alinijibu kwamba mke mtu hupata popote, lakini yeye katika maisha yake hajawahi kurudi mahali akakuta chakula kimefunikwa kinamngoja. Alisema kwa upole, kama mgeni anayekataa kuongezewa chai. Akaniomba nisimvunjie mama moyo mara ya pili. Akaniita dada.

Jumapili iliyopita mama aliliona tumbo. Alinisimamisha sebuleni, akamkalisha Primus kwenye kiti cha baba, kwa kuwa yeye ndiye mwanamume wa nyumba hii. Mama alilia kwa aibu. Primus aliniuliza, akinitazama machoni, ni mwanamume gani aliyenifanyia hivi. Alisema nimtaje jina na ukoo, naye atakwenda kwao kudai haki yetu, kwa maana dada yake hawezi kuchezewa na mtu ambaye hajulikani kwao. Nilingoja ashindwe kumaliza sentensi. Akamaliza.

Nikajibu kwamba mwanamume huyo amekufa. Mama akafanya ishara ya msalaba, akasema kumbe ndiyo maana nimekosa raha siku zote hizi. Primus akasema, "Pole, dada."

Nakuomba unipokee Tabora, nijifungulie kwenu. Wifi Digna mwambie ukweli wote, sitaki kuishi naye kwa maneno ya kufichaficha. Kuhusu kihamba, andika utakavyo. Ukikataa, mama atakuweka wewe nawe katika alama zake, na sijui atakuita nani. Baba anaomba uje umwone kabla ya Pasaka. Hakuomba zaidi ya hapo.

Wote huku wanakutumia salamu. Mama anakusalimu sana, na anasema hajawahi kuwa na mwaka mzuri kama huu. Baba anakusalimu. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao.

Na Faustin anakusalimu wewe, kaka yake. Amenikumbusha mara mbili nisisahau kuandika hivyo.

Mdogo wako akupendaye,
Valeria