Kaske Yangu na Moto wa Mama Zawadi

Alhamisi, Mubi. Mawingu yameshuka mpaka juu ya mabati, lakini mvua bado haijaamua. Saa tisa alasiri. Ninaandika nikiwa ofisini, masikio wazi.

Kwa hiyo ninasikia kila kitu. Moulin, mashine ya kusaga mihogo, ng'ambo ya barabara. Lori linaloshusha sabuni na kreti za bia. Pikipiki mbili ambazo haziendi popote, wenyewe wanazingurumisha tu ili tujue zipo. Chorale ya kanisa inarudia ubeti uleule kwa mara ya sita, na sauti ya pili bado imepotea njia.

Sijasikia Mubi namna hii kwa wiki tatu.

Kwa wasomaji wapya wa blogu hii (mko kumi na mmoja, na wawili kati yenu ni dada yangu mwenye akaunti mbili): kazi yangu ni kuchapa. Barua za kuomba kazi, maswali ya mitihani, programu za harusi, tangazo la mbuzi aliyepotea. Chumba kimoja, kompyuta moja, printa moja yenye hasira na sola juu ya bati. Nimekulia Kirolirwe, upande wa Masisi, kwenye vilima vya ng'ombe, ambako asubuhi kelele kubwa kuliko zote ni ya mzee anayemwita ng'ombe wake kwa jina. Nilipofika hapa miaka minne iliyopita nilidhani watu wanagombana. Kumbe walikuwa wanasalimiana.

Kaske ilitumwa na dada yangu kutoka Goma, mkononi mwa dereva wa lori. Si vile vipokea sauti vya muziki tu. Hii inafuta kelele. Unaiweka masikioni, unabonyeza kitufe, na moulin inakufa. Siku ya kwanza niliivua mbio kuchungulia dirishani kama moulin imeharibika. Ilikuwa inasaga kama kawaida, mwenye moulin mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Nikaivaa tena, nikacheka peke yangu.

Sikumbuki mara ya mwisho nilipopenda kitu kiasi kile.

Nilianza kuivaa kazini. Wateja wakajifunza kunipungia mkono. Baadaye nikaanza kulala nayo, kwa sababu madereva wa malori huwasha injini saa kumi na nusu alfajiri, na saa kumi na moja kikundi cha maombi kinafungua megafoni. Nilikuwa ninaivaa kabla ya malori na kuivua kukishapambazuka kabisa. Nilinenepa usingizi, kama kuna kitu kama hicho.

Sasa lazima nieleze ukuta.

Nyumba yangu ni nusu ya nyumba. Ni ya mbao, na fundi aliikata katikati kwa ukuta wa mbao nyembamba. Katika nusu ya pili anaishi Mama Zawadi, mjane wa miaka kama sitini, mzaliwa wa Mpofi, muuza mandazi. Yeye huamka wa kwanza katika avenue yetu, mtaa mzima, na kuwasha moto. Makaa yakikolea, anagonga ukuta kwa mwiko mara tatu. Maana yake: moto uko, njoo uchukue. Ninapita na kigae changu cha chungu kilichovunjika, ananiwekea makaa mawili au matatu, ananiuliza nimelala vipi, ninarudi kuwasha jiko langu. Miaka minne hivyo. Kiberiti changu kimoja kilikuwa kinafikisha mwaka.

Na huku moto wa jirani haukataliwi hivihivi. Ukiacha kuchukua moto wa mtu bila kusema neno, umeshasema. Umesema kwamba unaogopa kinachotoka mkononi mwake. Umesema neno ambalo hapa hakuna anayelitamka mchana, nami pia sitaliandika.

Mimi nilijua hilo. Kwetu Kirolirwe pia ni hivyohivyo.

Kwa wiki mbili sikuchukua moto wa Mama Zawadi.

Kama mtu angeniuliza, nilikuwa na jibu: kaske, sikusikia. Ni jibu zuri na lina ukweli kwenye siku mbili za kwanza. Niliamka, kimya, nikadhani mama amechelewa, nikawasha kiberiti.

Siku ya tatu niliegemea ukuta. Kitanda changu kimeshikana nao. Niko macho, kaske masikioni, kimya kama ndani ya maji, na ghafla ubao ukanigusa mgongoni. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Hakuna sauti yoyote, mtikisiko tu kati ya mabega.

Nikajua ni yeye. Nikabaki nimelala.

Sikuwa na ugomvi naye, na sikuwa ninamwogopa. Nilikuwa ninaona uvivu wa kuamka, kuvaa kitenge, kupita nyuma, kusimama kwenye moshi na kusema nimelala vizuri. Nilitaka nusu saa zaidi ya kutokuwa mtu wa mtu. Kila asubuhi ubao ulinigusa mara tatu na kila asubuhi nilisubiri amalize. Baadaye mtikisiko ukakoma, na nikaona afadhali.

Aibu hii ninaiandika hapa kwa sababu sijamwambia yeyote mwenye uso.

Juzi Jumanne alikuja Mama Chantal, kiongozi wa chorale, ambaye hununua mandazi yake kwa Mama Zawadi tangu kabla sijafika Mubi. Alitaka nimchapie orodha ya waimbaji. Nilivua kaske ili anitajie majina. Kwenye jina la tisa akasimama, akainama karibu na meza.

"Dada Solange, weye njo ulitufungua macho," akasema. "Tuliona umeacha kutwaa moto kwa ule mama. Tukajua, kama jirani wa ukuta anaogopa, basi hii mambo iko kweli."

Nikamuuliza mambo gani, ingawa nilishaanza kuelewa. Miezi miwili nyuma, mtoto mchanga wa nyumba ya mwisho ya avenue alikufa kwa homa. Siku moja kabla, mama yake alikuwa amenunua mandazi. Maneno yalianza wakati ule, madogo, ya pembeni. Watu waliyasikia wakaendelea kununua, maana njaa ya asubuhi haina subira na mandazi ya Mama Zawadi ni matamu. Kisha wakaniona mimi, ninayelala naye ukuta kwa ukuta, ninawasha kiberiti.

"Samedi chef wa avenue atatuita bote," akaendelea. "Ao ahame, ao sisi njo tuhame."

Nilimaliza orodha. Nikaichapisha, nikampa, nikamshukuru.

Jana nilivaa kaske tangu asubuhi na kuchapa maswali ya jiografia ya shule nzima, bila kosa hata moja.

Leo niliamka kabla ya malori na sikuivaa. Nilikaa kitandani ninasikiliza. Injini, majogoo, megafoni, mtoto wa mtu analia, mtu mwingine anamwambia anyamaze kwa sauti kubwa kuliko ya mtoto. Nilikuwa ninasubiri ukuta. Nilisubiri mpaka mwanga ukaingia kwenye nyufa za mbao. Harufu ya moshi wake nilikuwa ninaisikia. Mafuta ya mandazi hayakunukia.

Basi nikachukua mwiko wangu nikagonga mara tatu.

Hakuna.

Nikagonga tena. Upande wa pili kiti kikakwaruza sakafu.

"Ni nani?"

"Ni miye, mama. Solange. Moto iko?"

Ng'ambo ya barabara moulin ikaanza kusaga.

"Moto iko," akasema. Kisha, chinichini, mdomo umekaribia kabisa ubao: "Upitie nyuma basi. Batu basikuone."

Ananificha mimi. Yeye ndiye wanayetaka kumfukuza Jumamosi, na anafikiria nani ataniona mimi.

"Nitapitia mbele, mama," nikasema.

Nilimkuta amekaa mbele ya moto mdogo. Karai la mafuta limeegemezwa ukutani, kavu. Unga ulikuwa bado kwenye mfuko. Hakuniuliza nimelala vipi. Aliniambia bila kunitazama, akichagua makaa:

"Siku ya kwanza nilizani uko mugonjwa. Nikakuya kwa bureau, nikasimama kwa dirisha, nikakuita. Ulikuwa unachapa, na ile kitu nyeusi kwa masikio. Haukugeuka. Nikarudia hapa."

"Sikusikia, mama," nikasema. "Ni ile kitu. Inafunga kelele yote. Hata ukuta sikusikia."

Nilikuwa nimeibeba kwapani ili kumwonyesha, kama mtu anayeleta ushahidi. Akataka kujaribu. Nikamvalisha juu ya kitambaa cha kichwa, nikabonyeza. Nikamwona uso unalegea, kwanza paji, kisha mdomo. Akageuka kutazama barabara kupitia mlango, midomo ya watu inasogea, pikipiki inapita bila kulia.

"Humu hamuna batu!" akasema kwa sauti kubwa mno, kama wanavyofanya wote wenye kaske. Nje mtu akageuka.

Nilidhani ataivua. Akaishika kwa mikono miwili.

"Uniachie hii kitu mpaka samedi," akasema. "Miye pia nimechoka kusikia. Nikiwa nayo naweza kukaanga. Hata kulala nitalala nayo."

Nikasema sawa. Ningesema nini?

Nilirudi na makaa yangu kwa kupitia mbele. Foleni ya moulin ilikuwa imefika hadi mbele ya nyumba yetu, wanawake kama kumi na watano, mabeseni ya mihogo miguuni, na nilipita katikati yao nikiwa nimenyoosha kigae mbele kama sahani ya harusi. Nilikuwa nimesahau kuweka jani la mgomba chini, kigae kikaniunguza vidole, na sikuthubutu kubadilisha mkono. Mama Chantal alikuwa wa nne kwenye foleni. Aliangalia makaa, akaniangalia mimi, akaangalia beseni lake. Mwanamke mmoja nisiyemjua alisogeza mihogo yake ili nipite. Sijui kama ilikuwa heshima au woga. Nikawasha jiko langu barazani, si uani. Nikapika chai, nikainywa pale pale, moto sana, mbele ya watu. Ulimi bado unauma.

Saa mbili harufu ya mandazi ikaja. Nilinunua matano, nikala yote nimesimama mlangoni pake. Hadi ninatoka kuja kazini, mwingine pekee aliyenunua alikuwa dereva wa lori asiyekaa hapa. Alinunua kumi, na Mama Zawadi akamhesabia kwa vidole kwa sababu hakumsikia.

Jumamosi nitakwenda kwenye kikao. Nitasema sikuwahi kuuogopa moto wa mama huyu. Nitasema ilikuwa kaske na uvivu. Wataniamini au hawataniamini. Nimeandaa maneno.

Lakini kabla ya Jumamosi kuna asubuhi ya kesho, na ndiyo inayonikaa rohoni tangu mchana.

Kesho nitaamka kabla yake. Nitawasha moto mimi, kwa mara ya kwanza, na makaa yakikolea nitagonga ukuta, ili avenue nzima imwone yeye akija kuchukua kwangu. Nimeshaamua. Ila kitanda chake nacho kimeshikana na ukuta uleule, na atakuwa amelala na kaske yangu. Hatasikia kitu. Ubao utamgusa mgongoni, mara moja, mara mbili, mara tatu.

Na hapo Mama Zawadi, ambaye leo ameniamini, atajua kila kitu nilichokijua mimi siku ya tatu.

Nimefikiria kumwita mlangoni badala yake. Ingekuwa rahisi, na angebaki ananipenda.

Nitagonga.