Nimepewa Meza ya Kukatia, Raha Imenitoka

Bibi mpendwa, shikamoo, nisaidie maana nikimwambia mtu wa hapa ataniona mwendawazimu. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu mikono ya makoti na vifungo, na mkataji wetu, tulimwita Mkasi, alilipwa mara mbili yangu na sikuwahi kununa, kwa sababu kwetu anayetaka meza ya kukatia hukata koti lake mwenyewe, akalishona, akalivaa kutwa nzima kazini tumkague, na la Mkasi lilimkaa kama ngozi, mimi langu mkono mmoja uliishia kwenye kiwiko, wenzangu wakashika mbavu, "Shoga, mkono mwingine umeenda likizo?", nami nikacheka, nikarudi kwenye vifungo nikiimba. Sasa binti yangu ameolewa na mtoto wa tajiri wetu mwenye karakana, Mkasi amestaafu, na huyo tajiri, ambaye sasa ni mkwe wangu, kanipa meza na mshahara wa Mkasi bila koti wala nini. Pesa tamu, Bibi, mume wangu anasema nikikataa nimepiga teke riziki, lakini wenzangu hawanitanii tena, nikiingia ni "Karibu, mama," kama mgeni, na chakula wanakula upande wao. Nirudishe meza au nizoee?

Fundi wa vifungo

Marahaba, mjukuu wangu. Nimesomewa barua yako, nikacheka kwenye huo mkono, kisha nikakasirika. Unadhani wana kijicho? Kijicho gani, na Mkasi alikula vinono mbele yao miaka yote wakimtengea kiti? Wao walivaa makoti yao wakachekwa. Wewe safari hii umevaa ukwe. Hilo ndilo linalowakaba, na linakukaba wewe pia, ndiyo maana umeniandikia. Una moyo mzuri, ila umechelewa kuusikiliza.

Mumeo mwambie riziki haijapigwa teke, inatafutiwa mlango wa mbele.

Kesho, kabla cherehani hazijaanza kelele, nenda kwa mkwe wako. Kwa adabu, ni baba mkwe wa mwanao. "Mkwe, nashukuru, lakini naomba nikate koti kama wengine, na yeyote anayetaka akate lake." Akisema hakuna haja, mwambie wewe unayo. Likikukaa, kula mshahara wako kwa mashavu yote mawili wala usimwombe mtu radhi. Likikukataa, mpishe aliyekushinda. Uliishi kwenye vifungo na hukufa.

Ukitoka hapo, chukua sahani yako ukakae katikati yao, uwaambie mwenyewe kabla hawajasikia kwa mwingine. Akitokea mmoja wa kukutania, usimjibu kama mkubwa wa kazi. Mjibu kama shoga yake.