Mkuu wa Shule Alivyonikimbiza

Shoga, niko hospitali. Mimi mzima, ila mkuu wangu wa shule!

Asubuhi nafanya mazoezi, nikasikia mtu ananikimbilia nyuma. Ugenini huku, peke yangu! Nikachomoka. Naye akaongeza mbio, anapiga kelele. Lugha yao unajua inavyonipiga chenga, sikuambulia neno.

Kugeuka, mtu yuko chini kashika kifua. Mkuu! Yaani mkuu mwenyewe! Mkononi ana ufunguo wa nyumba yangu, kumbe niliudondosha.

Daktari kasema atapona, pumzi tu zilimwishia.

Sasa mkewe kafika. "Mwalimu, mume wangu alikuwa anakimbilia nini?"

Nikamjibu kwa lugha yao ninayoibananga: "Alikuwa ananifukuzia mimi."

Shoga, ANANIFUKUZIA! Kama vile alikuwa ananitongoza! Mama wa watu kajisogeza hadi mwisho wa benchi, na benchi lenyewe ni moja tu.