Kwa Salma, Mkazi Mpya wa Kijiji cha Ufaransa

Mpendwa shoga yangu Salma,

Jarida la kijiji chako limefika Guangzhou, limekunjwa ndani ya bahasha pamoja na barua yako. Siku ya tatu nikalipeleka barabara ya Huanshi Zhonglu kwa Mama Odette, Mkongo wetu anayetuuzia ugali na sombe, kisamvu cha kwao, anisomee, maana Kifaransa changu kinaishia kwenye salamu.

"Eh, kijiji kidogo hivi!" akasema. "Watu mia tatu na kumi na wawili, na Salma wamemhesabu ndani. Donc, yaani yeye ndiye wa mwisho."

Ukurasa wa kushoto wamewekwa watu mashuhuri wa hapo kwenu: jenerali mwenye masharubu, mchoraji wa maua, na bwana aliyetengeneza mashine ya kukamua matufaha. Wa kulia ni wewe, umeshika chungu cha maua, meya amesimama kando yako anatabasamu. Kumbe huko mtu akihamia anapokewa na meya! Mimi hapa mwaka wa nne, na mlinzi wa jengo letu bado ananiuliza naenda kwa nani.

Nina roho ya kwa nini, sikatai. Mumeo simtaki, abaki nawe na jibini lake. Kijiji ndicho kinachonitia wivu, kilivyokuchukua kizima kizima na kukuweka karibu na jenerali.

Unakumbuka soko la vitambaa la Zhongda? Tulikuwa tunaingia duka moja kama watu wasiojuana. Wewe unatangulia, unaiponda lesi ya watu, "Laoban, tajiri, hii mbona inachuja?", unatoka umesusa. Nami naingia kwa upole, napewa bei uliyokwisha kuivunja. Siku moja ulichelewa kutoka, nikapiga chafya, nikasema "Alhamdulillah", na wewe kwa mazoea ukaitikia, "Yarhamukillah!" Mwenye duka akatutazama, akatufukuza sote wawili. Tulicheka mpaka tukakaa chini kando ya marobota.

Nilikuwa namsimulia Mama Odette kisa hicho alipofika kwenye maneno yaliyo chini ya picha yako. Akasoma polepole: "Aliishi China miaka mitatu, peke yake, bila ndugu wala rafiki."

Nikamwambia arudie.

"Ni hivyo wameandika, dada. Peke yake."

Peke yako, Salma? Homa ile ya Januari ulikandwa na nani? Huyo mumeo Mfaransa alipokuwa hawezi kuagiza hata mita moja ya kitambaa, nani alimtafsiria Kichina mpaka akapata nafasi ya kukuuliza jina? Zhongda ulijifanya hunijui ili tupate bei nzuri. Huko kijijini umejifanya hunijui ili upate nini?

Roho imeniuma, na bado inauma ninapoandika. Unasema chumba cha wageni kipo, nije majira ya joto. Nataka kuja, tena sana. Lakini siwezi kukaa meza moja na watu mia tatu walioambiwa kwamba sikuwahi kuwepo. Nenda kwa meya wako. Mwambie katika toleo lijalo asahihishe, aandike kwamba tulikuwa wawili. Jina langu unalijua.

Msalimie mumeo. Kijiji usikisalimie kwanza.

Ni mimi,
shoga yako wa Guangzhou