Beberu Namba 19 na Maziwa Nisiyoyaandika

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Ifakara
Tarehe: 20/01/2025
Muda wa kuanza: saa 4:20 asubuhi
Jina: Digna Salvatory Mkwera
Umri: miaka 24
Kabila: Mndamba
Dini: Mkristo
Elimu: kidato cha pili
Kazi: mkulima wa mpunga, mpimaji wa maziwa wa kikundi cha mbuzi wa maziwa
Makazi: kijiji cha Mbingu

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa niseme kweli, nami nimekubali. Nimekuja na mtoto wangu Nelly kwa kuwa sina wa kumwachia. Akilia naomba nivumiliwe.

Nimeulizwa kama nilimwona mzee Ndaki Mayunga akimfungua beberu nyuma ya bucha la Haruni. Nilimwona. Ilikuwa Jumamosi tarehe 18/01/2025, saa 11:30 alfajiri, nikienda bombani. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu, na hiyo nusu ndiyo itakayomfunga. Kwa hiyo naomba nianzie nyuma.

Mume wangu, Fridolin, anakata miwa Kidatu na huja nyumbani kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mimi tangu mwaka 2023 ni mpimaji wa kikundi chetu, chenye kaya kumi na mbili. Mara moja kwa mwezi nazunguka kaya zote na mizani ya kuning'iniza. Jioni, na tena asubuhi yake, kila mbuzi anakamuliwa mbele yangu, napima, naandika kwenye daftari. Daftari analichukua mtaalamu wa mifugo anayeitwa Valentino, anaingiza kwenye kompyuta, na inatoka alama ya kila beberu. Beberu hana maziwa, kwa hiyo anapimwa kwa binti zake. Binti wakizidi wenzao, baba anapata alama juu ya sifuri na anabaki kupanda. Wakipungukiwa, anapata chini ya sifuri na anaondolewa, asije akatujazia kijiji mbuzi wa maziwa haba. Na ile siku moja niliyopima ndiyo inayohesabiwa kuwa mwezi mzima. Hilo naomba liandikwe vizuri, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Beberu namba 19 alizaliwa na kulelewa kwa mzee Ndaki, jirani yangu. Mzee ni Msukuma, alihamia Mbingu na ng'ombe zake mimi nikiwa bado shule ya msingi. Watu walimpa yule beberu jina la Diwani kwa sababu ya ndevu zake, na anavyotembea kama mtu anayesubiriwa mkutanoni. Kwa mkataba ni mali ya kikundi. Binti zake wanaokamuliwa ni wanne, na wote wako kwa mzee Ndaki. Anayewakamua ni mke wake, mama Ester.

Mwezi wa pili mwaka 2024 Nelly alikuwa na miezi mitatu. Ziwa langu la kushoto lilifanya jipu likapasuliwa, na la kulia likakauka kwa homa. Kliniki uzito wa mtoto ulishuka mara mbili mfululizo. Nesi alinitazama tu, hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Mwezi wa tatu ulipoanza, mama Ester alikuja kwangu asubuhi, akamnyanyua mtoto, akasema, "Huyu mwepesi kama kuku wa kuatamia. Kuanzia leo anakunywa kwangu."

Kwao ni desturi kwamba kabla maziwa hayajaingia kwenye chombo cha nyumba, mtoto mchanga anatolewa chake kwanza, na mtoto huyo si lazima awe wa nyumba ile. Mama Ester alikuwa anakamua kidogo kwa kila mmoja wa wale mbuzi wanne mpaka kikombe kinajaa, asubuhi na jioni. Nilikuwa nachemsha na kumpa mwanangu. Kikombe hicho ni robo lita. Tulifanya hivyo kuanzia mwezi wa tatu mpaka mwezi wa kumi.

Siku za kupima nilifika na mizani yangu na mtoto mgongoni. Mama Ester alitoa kwanza cha mtoto, ndipo akakamua ya kupima. Daftari lina safu ya maelezo. Maziwa yakitolewa kabla ya mizani, yanaandikwa pale, ili mtaalamu ayarudishe kwenye hesabu. Sikuandika. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika, miezi minane.

Afande ameniuliza kwa nini. Kanuni ya nne ya kikundi inakataza mpimaji kupokea maziwa kwenye kaya anayoipima, asije akanunuliwa. Ningeandika, wangeninyang'anya upimaji na wale mbuzi wangu wawili wa mkopo wa kikundi, ambao wakati huo walikuwa bado hawajazaa na hawakamuliwi. Nikajiambia kikombe ni kitu gani. Nilidhani mtu anayedanganya ni yule anayeongeza. Sikujua kwamba ukipunguza kikombe siku moja, kompyuta inapunguza thelathini.

Mnamo tarehe 15/01/2025 saa 8 mchana tulikuwa na mkutano kwenye ofisi ya kijiji. Valentino alisoma alama za mabeberu wetu wanne. Namba 19 alikuwa wa mwisho, chini ya sifuri. Mtu mmoja nyuma akasema, "Diwani kaangushwa kura za maoni!" Watu wakacheka sana. Mimi pia nilitoa meno, Mungu anisamehe.

Mzee Ndaki alisimama akasema, "Binti zake nawaona kila siku. Ndoo inajaa."

Mwenyekiti wetu, Eustaki, akamjibu, "Mzee wangu, hapa hatuhesabu ndoo, tunahesabu daftari. Ng'ombe zako hesabu unavyotaka."

Watu wakacheka tena. Mzee Ndaki akanitazama. Alijua kila kitu, kile kikombe kilikuwa kinajazwa mbele ya macho yake. Nilisubiri aseme. Alivua kofia, akaivaa tena, akakaa. Ikaamuliwa namba 19 auzwe kwa nyama. Nami nilinyoosha mkono pamoja na wengine kukubali.

Siku ya Ijumaa tarehe 17/01/2025 jioni beberu alipelekwa kwa Haruni na kufungwa kwenye nguzo nyuma ya bucha, achinjwe asubuhi. Nilimwona nikipita. Sikulala vizuri.

Jumamosi, muda niliokwisha kuutaja, kulikuwa kumeanza kupambazuka na nilimtambua mzee Ndaki kwa umbali wa hatua kama kumi na tano. Hakuwa amejificha. Alikuja na mbuzi mwingine, hasi, yaani dume aliyehasiwa, mkubwa na mnene kuliko Diwani. Alimfunga yule hasi kwenye nguzo kwanza, akakaza kamba, akamwekea majani. Ndipo akamfungua Diwani. Nikamwambia, "Shikamoo baba." Akasema, "Marahaba. Mtoto anaendeleaje?" Nikasema anaendelea vizuri. Nikamuuliza anampeleka wapi. Akasema, "Masagati, kwa mdogo wangu. Kule hawana daftari." Akaondoka kuelekea barabara ya Mlimba.

Naomba ieleweke kwamba kwa mzee Ndaki hiyo ilikuwa ni kubadilisha mbuzi. Alitoa wa nyama akachukua wa mbegu. Kwao ng'ombe wanabadilishwa hivyo kila siku na hakuna anayeita polisi. Kosa lake ni kwamba hakumwambia Haruni. Na Haruni mwenyewe alipofungua bucha aliniuliza, nikamwambia niliyoyaona, naye akasema, "Huyu niliyemkuta ana nyama zaidi. Lakini mimi sikubadilisha na mtu. Nikinyamaza leo, kesho nitakuta nimefungiwa paka." Eustaki ndiye aliyepiga simu. Mgambo walimkamata mzee saa 3 asubuhi akisubiri basi, beberu akiwa amelala miguuni pake. Nasikia alipoulizwa sababu alisema tu, "Nimebadilisha, sijaiba," na mpaka leo hajaongeza neno.

Mimi najua kwa nini hajaongeza. Jana Jumapili saa 10 jioni mama Ester alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kunilaumu, nikapiga magoti kabla hajafika mlangoni. Akasema, "Inuka, mwanangu. Mzee amesema usiseme. Anasema ukisema watakunyang'anya mizani na mbuzi, na mtoto bado mdogo."

Nikamuuliza, "Na yeye je, mama?"

Akasema, "Yeye ana presha. Dawa zake nilizipeleka, sijui kama zimemfikia." Alikuwa amevaa viatu viwili tofauti. Hakuniomba chochote. Angeniomba ingekuwa rahisi, ningeweza kukataa.

Usiku huo Fridolin alinipigia simu. Akasema, "Wewe kaseme ulimwona, basi. Mengine yanakuhusu nini? Una mtoto." Nikamwambia mtoto ndiye anayenifanya niseme. Akakata simu. Hajapiga tena.

Afande ameniambia habari ya maziwa si sehemu ya shauri, kwamba shauri ni kamba na mbuzi. Mimi sina elimu ya sheria. Ninachojua ni kwamba beberu huyu hakustahili bucha. Aliwekwa pale na daftari langu, na mzee alimtoa pale kwa sababu alijua daftari ni la uongo na hakutaka kumtaja mwongo. Daftari ninalo hapa, nimelikabidhi. Kwenye miezi minane nimeweka alama ya kalamu nyekundu penye safu tupu. Valentino akirudisha hayo maziwa, alama itabadilika. Sijui itakuwa ngapi. Hata ikibaki chini ya sifuri, sijapima kwa haki.

Najua wanawake wenzangu watanichukia. Mwaka mzima wa kazi yao utatiliwa shaka kwa ajili yangu, na wengine mabeberu wao walipita kwa haki. Mbuzi wangu waje wachukuliwe, sitafunga mlango. Naomba tu jambo moja. Mzee Ndaki ana miaka sitini na tisa na leo ni siku ya tatu yuko ndani. Hakuna mwanakikundi aliyekubali kumdhamini, wanasema ni Msukuma, akitoka atavuka mto na ng'ombe zake na hatarudi. Hatakimbia. Mtu aliyeweza kujitetea kwa neno moja na hakulisema, atakimbia nini?

Nimesomewa niliyoyasema na ndiyo hayo, ya kuona kwa macho na ya kufanya kwa mkono wangu. Sikushawishiwa na mtu. Sehemu ya maziwa isikatwe.

Sahihi ya shahidi: D. S. Mkwera
Muda wa kumaliza: saa 5:35 asubuhi

MAELEZO YA ASKARI

Mimi Koplo Waridi Makame nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi, nikamsomea, naye akasaini mbele yangu. Nilimweleza kuwa baadhi ya aliyoyasema yanaweza kumletea matatizo yeye mwenyewe. Alijibu kuwa yameshamletea. Daftari moja limepokelewa.

Baada ya kusaini, shahidi alitoa barua ya Mtendaji wa Kijiji cha Mbingu na kitambulisho chake cha taifa, akaomba yeye ndiye amdhamini mtuhumiwa. Nimemweleza kuwa sitamkubali, kwa kuwa ni shahidi wa upande wa mashtaka. Akaomba afutwe kwenye ushahidi. Nimemweleza kuwa nikimfuta yeye, nafuta na aliyoyasema kumtetea mzee. Akasema, "Basi mniache nisubiri mpaka apatikane mwingine."

Dawa za presha zilikuwa kaunta. Nimempelekea mtuhumiwa mwenyewe saa 6:10 mchana. Sasa ni saa 9:30 alasiri. Hakuna mdhamini aliyefika. Shahidi yupo kwenye benchi, mtoto amelala.

W. Makame, Koplo