Nani Anakamua Ng'ombe?

Mjukuu wangu Kabula,

Nakusalimu, mwadila. Hapa Bariadi tumeamka salama. Babu yako anapalilia pamba, na mama yako anakusalimu.

Unauliza ufanyeje, maana wagonjwa wa utafiti wako wote wanajibu kwamba maisha yao ni mazuri. Nami nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba kuanza kujaa gulioni, wodini kwetu alilazwa mzee kutoka kijiji cha Mkula. Kila asubuhi nilimuuliza hali, naye akajibu, "Mhola duhu," yaani shwari tu. Unajua kwetu salamu haijibiwi kwa ugonjwa. Lakini uji wake ulibaki kikombeni, nikaingiwa na wasiwasi. Siku moja nikamuuliza, "Babu, nyumbani nani anakamua ng'ombe?"

Akacheka. "Nesi, unaulizia ng'ombe wangu, unataka nikuoe?" Kisha akaitazama mikono yake. "Anakamua jirani. Vidole havishiki tena, hata kikombe."

Kumbe njaa ilikuwa inamuuma siku zote hizo. Basi, usiwaulize hali tu. Waulize na kazi zao za nyumbani, nani anazifanya sasa.

Na wewe, barua yako inaanza kwa "mimi mzima" na kuishia kwa "mimi mzima." Tangu niisome sijatulia, maana shangazi yako aliyepita chuoni kwenu anasema umekonda. Sikuulizi hali, Kabula. Niambie tu: jioni unakula na nani?

Bibi yako